Hisa Bila Kikao: Uhakiki wa Ushiriki Wetu Katika Bodi za Makampuni ya Madini, Shinyanga na Geita

Tangu mwaka 2017 Watanzania wengi wamejifunza kutamka tarakimu moja: kumi na sita kwa mia. Tarakimu hii imo katika Sheria ya Madini kama ilivyorekebishwa mwezi Julai mwaka ule. Inasema kwamba Serikali itakuwa na hisa zisizopungua asilimia 16 katika mtaji wa kampuni ya uchimbaji mkubwa au wa kati, hisa zisizolipiwa, na zisizofifishwa hata kampuni ikiongeza mtaji wake. Makada wanaikariri mashinani, wanafunzi wanaiandika katika majaribio yao, na wasemaji wa hadhara hushangiliwa wanapoitaja. Hatuna ugomvi na tarakimu hiyo. Ugomvi wetu ni na maoni yaliyojengwa juu yake, kwamba mwenye hisa amekwisha kuwa mwenye mali, na kwamba kazi iliyobaki ni kungoja gawio.

Maoni haya si sahihi. Hisa ni haki ya kuingia chumbani. Yanayofanyika ndani ya chumba hicho, yaani katika mkutano wa Bodi ya Wakurugenzi, ndiyo yanayoamua kama haki ile itageuka kuwa madaraka au itabaki kuwa cheti katika kabati la Msajili wa Hazina. Katika makala hii tunakusudia kuhakiki mambo mawili yanayokwenda pamoja: mwenendo wetu wenyewe katika vikao hivyo, na mafundisho tunayopewa semina baada ya semina kuhusu namna ya kuviendesha. Mifano tunaichukua Shinyanga na Geita, maana huko ndiko umma umeketi meza moja na mtaji wa kigeni kwa muda mrefu zaidi, na huko ndiko matokeo ya kikao kibaya yanapofika katika shamba la mtu.

Funguo za Mwadui

Tuanze na Mwadui, wilayani Kishapu, kwa kuwa ndiyo shule yetu ya zamani kuliko zote. Almasi iligunduliwa pale mwaka 1940 na Dakta John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada. Alipofariki mwezi Januari 1958 warithi wake waliuza kampuni, na wanunuzi walikuwa wawili kwa mafungu sawa: De Beers na serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Yaani nchi hii iliingia katika Uhuru ikiwa tayari na nusu ya mgodi mkubwa wa almasi. Wanafunzi wetu hushangaa wanaposikia jambo hili, kwa maana wamezoea kufikiri kwamba ubia wa Serikali na makampuni ya nje ulianza jana. Kufikia mwaka 1994 sehemu ya De Beers ilikuwa 75 kwa mia na ya Serikali 25. Mwaka 2009 Petra Diamonds ikaingia mahali pa De Beers. Mwezi Desemba 2021 yakafikiwa makubaliano ya kuipandisha sehemu ya Serikali hadi 37, na mwezi Januari 2025 Petra nayo ikatangaza kwamba inauza sehemu yake yote.

Sasa tuzitazame tarakimu hizo kwa jicho la mkutano. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inaweka aina ya uamuzi uitwao azimio maalumu, ambao ndio unaoweza kubadili katiba ya kampuni. Azimio hilo linahitaji kura zisizopungua robo tatu ya wanaopiga kura katika mkutano mkuu wa wenye hisa. Mwenye 75 kwa mia ana robo tatu kamili. Anaweza kulipitisha peke yake, huku mwenye 25 amekaa pembeni akinywa chai. Lakini mwenye 25 akipata 26, mlango unafungwa. Basi kutoka 25 hadi 37 hatukuongezewa fungu la almasi tu, tuliongezewa komeo. Ni kweli kwamba mkataba wa wanahisa waweza kuweka ulinzi wa ziada, na mwanasheria makini huuweka. Hata hivyo, katika mazungumzo mengi ya makada tuliyoyasikia Shinyanga tangu makubaliano yale, kila mtu alikuwa akipiga hesabu ya gawio. Komeo hatukulisikia likitajwa hata mara moja.

Jambo hili laonyesha udhaifu wa elimu yetu. Tumefundishwa kuuhesabu umilikaji kama mtu anavyohesabu magunia ya pamba, ambapo gunia la ishirini na sita lina thamani ileile ya gunia la ishirini na tano. Umilikaji wa hisa haupimwi hivyo, kwa sababu una vizingiti, na asiyevijua vizingiti hulipa bei kubwa kwa kitu kidogo, au huachia kitu kikubwa kwa bei ndogo.

Wapo watakaosema kwamba hivi ndivyo ubepari ulivyo, na kwamba mnyonge hapati kitu katika meza ya tajiri. Hoja hii ina ukweli, lakini haitoshi. Botswana nayo imeshirikiana na De Beers hiyohiyo. Katika kampuni ya Debswana Serikali ya Botswana na De Beers zina nusu kwa nusu, na zaidi ya hayo Botswana ina hisa 15 kwa mia katika De Beers yenyewe, hata ikawa na viti katika bodi ya kampuni mama ambako bei na masoko huamuliwa. Botswana haikufanya mapinduzi ya kijamaa. Ilijua tu ni katika kikao gani jambo lake linaamuliwa, ikadai kiti huko.

Kumi na sita mezani

Tarehe 24 Januari 2020 Serikali yetu na kampuni ya Barrick zilitia saini mikataba iliyomaliza mgogoro wa makinikia, mgogoro ulioanza mwezi Machi 2017 kwa kuzuia usafirishaji wa mchanga wa madini nje ya nchi. Ikawapo kampuni ya Twiga, Barrick ikiwa na 84 kwa mia na Serikali 16, na mgawanyo huohuo ukawa katika makampuni ya migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, Kahama, na North Mara, Tarime. Pande mbili zilikubaliana pia kwamba manufaa ya kiuchumi yagawanywe nusu kwa nusu, kodi na mrabaha vikihesabiwa humo, na kwamba Serikali ishiriki katika maamuzi ya uendeshaji, mipango, uwekezaji, manunuzi na masoko kwa njia ya wajumbe wake katika bodi. Buzwagi ilimaliza uchimbaji mwaka 2021. Huko Geita, katika mgodi wa Buckreef, STAMICO iliingia ubia mwaka 2011 kwa 45 dhidi ya 55 za mwenzake.

Asilimia 16 haifungi mlango wowote katika mkutano mkuu. Ndani ya bodi, ambako kwa kawaida kila mkurugenzi ana kura moja, wajumbe wetu ni wachache. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza: kama hatuwezi kushinda kura, tuna kazi gani pale?

Kabla ya kujibu, tufanye hesabu ndogo. Huu ni mfano tu, hatusemi habari za kampuni yoyote. Chukua kampuni iliyopata faida ya shilingi 100. Kodi ya mapato ni asilimia 30, basi zinatoka 30. Zinabaki 70, na zikigawanywa zote sisi wenye 16 kwa mia tunapata 11.20. Jumla yetu, kodi na gawio, ni 41.20. Sasa bodi imepitisha mkataba wa huduma za kitaalamu na kampuni dada ya yule mbia mkubwa, na mkataba huo umezidishwa bei kwa shilingi 10. Faida inakuwa 90, kodi 27, zinabaki 63, gawio letu 10.08. Jumla ni 37.08. Tumepoteza 4.12. Mbia mkubwa amepoteza 5.88 katika gawio lake, lakini amepokea 10 kwa mlango wa nyuma. Faida yake ni 4.12 zilezile, ukiacha kodi nyinginezo. Hakuna aliyevunja kufuli wala aliyeiba. Ilipitishwa ajenda namba saba, pengine kwa dakika nne.

Hapo ndipo kazi ya mjumbe wetu ilipo. Gawio linaonekana katika mizania mwisho wa mwaka, na magazeti hupiga picha ya hundi kubwa ya kadibodi. Lakini gawio lenyewe limekwisha kuamuliwa miezi kumi na miwili kabla, katika bajeti, katika mikataba ya manunuzi, katika riba ya mkopo uliotoka kwa kampuni mama, katika ada ya usimamizi. Tume ya Jaji Mark Bomani, iliyotoa taarifa yake mwaka 2008, ilifanya kazi katika nchi ambamo migodi mikubwa ilikuwa imechimba kwa miaka mingi huku vitabu vyake vikionyesha hasara. Mambo hayo hayazuiliwi kwa wingi wa kura. Mara nyingi huzuiliwa kwa swali lililoulizwa kwa wakati, likaandikwa. Mwenye kura nyingi anaweza kulishinda swali, lakini kumbukumbu za mkutano zikilibeba, mkaguzi atalikuta na mtoza kodi atalikuta, na ikifika huko hakimu atalikuta.

Kabrasha na saa

Hapa tunafika kwenye kikao chenyewe. Katika semina tulizoendesha Kahama na Geita tumekuwa tukiwauliza ndugu waliowahi kukaa katika bodi mbalimbali, za mashirika ya umma, za ushirika na za ubia, swali moja: kabrasha hukufikia lini? Ndugu mmoja alitueleza kwamba alikabidhiwa kabrasha la kurasa zaidi ya mia mbili hotelini usiku, kikao kikiwa saa tatu asubuhi. Alisoma mpaka saa saba, akalala. Asubuhi alikuta mwenzake amelifungua kwa mara ya kwanza pale mezani. Wote wawili ni watu waaminifu na wenye shahada. Tulipouliza kama walilalamika, alisema mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kuendesha kikao kwa ufanisi, kikaisha kabla ya chakula cha mchana.

Neno hilo, ufanisi, linahitaji kuchambuliwa. Zipo semina na vijitabu vinavyofundisha namna ya kuendesha mikutano ya bodi yenye tija. Mafundisho yake yanafanana: anza kwa wakati, ajenda iwe fupi, kila jambo lipewe dakika zake, msemaji asirudie yaliyosemwa, kikao kifungwe kwa orodha ya kazi na majina ya watakaozifanya. Nusu ya mafundisho haya tunayaunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa yanapiga maradhi yetu wenyewe. Nani asiyejua kikao cha saa nne kinachoanza saa sita? Nani hajasikia hotuba inayochukua nafasi kumshukuru kila aliyemo chumbani kabla ya kufika kwenye hoja, au ile ajenda ya Mengineyo inayomeza saa mbili kwa kuzungumzia posho na usafiri? Huo ni uzembe uliovaa nguo za heshima, na hauna uhusiano wowote na demokrasia.

Lakini mafundisho hayo yanaichukulia saa kana kwamba haina upande. Saa ina upande. Kikao kifupi humfaa aliyeandaa makaratasi, kwa sababu yeye amekwisha kufikiri kwa miezi mitatu, na wengine wanaanza kufikiri wakati huo. Ajenda fupi ni nzuri, lakini ni nani aliyefupisha, na alichokiondoa kiko wapi? Tija lazima ipimwe kwa swali: ni uamuzi gani ulioingia chumbani kwa sura moja ukatoka kwa sura nyingine kwa sababu wajumbe waliujadili? Kikao ambacho kila jambo limetoka kama lilivyoingia kimefanya kazi ya muhuri, hata kama kilianza kwa dakika na kumalizika kwa dakika.

Tunashauri makada wajifunze kusoma ajenda kama mkulima anavyosoma mizani. Katika makabrasha mengi mambo hugawanywa mafungu mawili: mambo ya kuamuliwa na taarifa za kupokelewa. Mkulima wa pamba wa Usukuma, yule aliyejenga ushirika chini ya akina Paul Bomani hata ukawapo Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria mwaka 1955, aliujenga kwa sababu alijua kwamba wizi haumo katika bei iliyotangazwa, umo katika jiwe la mizani. Basi na mjumbe wa bodi atazame mafungu hayo. Mkataba na kampuni dada ukiwa umewekwa katika taarifa za kupokelewa, maana yake uamuzi umekwisha kufanywa mahali pengine. Haki ya kwanza ya mjumbe ni kusema, mwanzoni kabisa, wakati ajenda inathibitishwa: jambo hili naomba lihamishiwe kwenye mambo ya kuamuliwa. Ni sentensi moja. Haihitaji shahada ya uhandisi, wala kura nyingi, na hata ikikataliwa itaandikwa.

Kuandikwa ni jambo kubwa kuliko tunavyodhani. Kumbukumbu huandaliwa na katibu wa kampuni, ambaye kwa kawaida ni mwajiriwa wa uongozi uleule unaosimamiwa na bodi. Hatusemi kwamba makatibu ni waongo. Tunasema kwamba kalamu nayo ina mazoea yake. Bodi ilipokea taarifa. Bodi ilijadili kwa kina. Tumesoma kumbukumbu nyingi za mashirika, na tungependa kujua kina hicho ni cha futi ngapi! Ndani ya maneno hayo mawili mjumbe aliyepinga na mjumbe aliyesinzia wanakuwa mtu mmoja. Kwa hiyo mjumbe anayepinga jambo aseme waziwazi kwamba anataka upinzani wake na sababu zake ziandikwe, kisha kikao kinachofuata, wakati wa kuthibitisha kumbukumbu, aangalie kama ziliandikwa. Wengi wetu hupitisha kumbukumbu kama watu wanaopita mlangoni. Vilevile ajihadhari na maazimio ya kuzungusha, yale yanayotumwa kutiwa saini nje ya kikao kwa madai ya haraka. Yanaruhusiwa, na mara nyingine yanahitajika. Lakini azimio lisilojadiliwa halina kumbukumbu ya mjadala, na haraka hutengenezwa kwa urahisi.

Kuna pia suala la lugha. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Makabrasha ya makampuni haya huandikwa Kiingereza, na Kiingereza cha wahasibu na wahandisi. Mjumbe asiyeelewa neno huona haya kuuliza, na aibu yake huhesabiwa kuwa idhini. Hatudai kwamba kila jedwali la madini litafsiriwe. Tunadai kwamba kila jambo la kuamuliwa liwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema: tunaombwa kuamua nini, kitagharimu kiasi gani, nani anafaidi, na tukikataa itakuwaje. Mtaalamu asiyeweza kuuandika ukurasa huo, tuna mashaka kama yeye mwenyewe ameelewa.

Bwawa

Tusije tukafikiriwa kwamba tunazungumzia fedha tu. Tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la mabaki ya mgodi ulibomoka Mwadui, maji na tope vikaingia katika mashamba na makazi ya vijiji jirani. Miaka mitatu kabla ya hapo, tarehe 25 Januari 2019, bwawa la kampuni ya Vale lilibomoka Brumadinho, Brazil, likaua watu 270. Baada ya msiba ule wa Brazil kulitolewa, mwezi Agosti 2020, kanuni ya kimataifa ya usimamizi wa mabwawa ya mabaki, na mojawapo ya masharti yake ni kwamba awepo kiongozi wa ngazi ya juu anayewajibika kwa usalama wa bwawa na anayeweza kusema na bodi moja kwa moja. Walioandika sharti hilo walikwisha kuona kwamba habari mbaya hupoteza uzito kadiri inavyopanda ngazi. Mhandisi anaandika hatari, meneja anaandika changamoto, na kabrasha la bodi linaandika jambo linalofuatiliwa.

Hatumhukumu mtu yeyote kwa tukio la Mwadui. Tunauliza swali ambalo kila mjumbe anayewakilisha umma katika kampuni ya mgodi, uwe wa almasi au wa dhahabu, lazima awe na jibu lake: taarifa ya bwawa iko ukurasa wa ngapi wa kabrasha lako, na ni lini mara ya mwisho uliiona kwa macho yako, bwawa lenyewe, si picha? Kikao cha bodi kikifanyika Dar es Salaam katika chumba chenye kiyoyozi, mjumbe anasoma habari za ukingo wa udongo uliopo kilometa mia kadhaa kutoka alipo. Angalau kikao kimoja kwa mwaka kifanyike mgodini, na kianze kwa kutembea. Gharama yake si hoja, kwani gharama ya sambusa za vikao vya mjini inajulikana.

Mabwana wawili

Sasa tukabili pingamizi zito, ambalo wanasheria hututolea. Wanasema: mkurugenzi akishateuliwa, sheria inamtaka atende kwa nia njema kwa manufaa ya kampuni. Yeye si tarishi wa aliyemteua. Kwa hiyo kumfundisha mjumbe wa Serikali aende bodini kama mpiganaji wa umma ni kumfundisha avunje sheria.

Pingamizi hili lina nguvu, na baadhi ya makada hulijibu vibaya. Hulijibu kwa kupiga meza, wakigeuza kikao cha bodi kuwa mkutano wa hadhara, wakitoa hotuba za uzalendo mbele ya watu wanaongoja kwa adabu zimalizike ili waendelee. Mjumbe wa namna hii huonekana shujaa nje. Ndani hana madhara yoyote kwa mtu, na ajenda namba saba inapita akiwa bado anahema.

Jibu sahihi limo ndani ya sheria ileile. Kampuni ni nani? Kampuni si yule mwenye 84. Kampuni ni chombo kamili chenye mali yake, madeni yake na waajiriwa wake, na sheria yetu inawataka wakurugenzi wayatazame maslahi ya waajiriwa pia. Mkataba uliozidishwa bei kwa faida ya kampuni dada unaiumiza kampuni yenyewe kabla haujamuumiza mwanahisa mdogo. Bwawa bovu vilevile. Basi wajibu kwa kampuni, ukishikwa kwa uaminifu, ni silaha ya mchache dhidi ya mwingi. Anayeuvunja wajibu huo mara kwa mara ni mkurugenzi aliyetumwa na mbia mkubwa, anayesahau kwamba naye amekatazwa kuwa tarishi. Mjumbe wetu amkumbushe, kwa sauti ya chini, na kifungu mkononi.

Kuhusu siri, mstari lazima uchorwe. Mjumbe hana ruhusa ya kuzichukua tarakimu za kampuni akazitangaza jukwaani. Lakini Serikali, ikiwa mwanahisa, ina haki ya kupata habari kwa mujibu wa sheria na mkataba wake, na hapana kinachoizuia kuwakusanya wajumbe wake kabla ya kila kikao, pamoja na wataalamu wa madini, kodi na mazingira, wakapitia ajenda. Mbia mwenzetu hufanya hivyo daima, ana ofisi nzima kwa kazi hiyo. Wajumbe wanaokutana kwa mara ya kwanza kwenye ngazi za hoteli si ujumbe, ni abiria.

Chanzo cha upungufu huu ni cha kihistoria, na yafaa makada wakijue. Azimio la Arusha, mwaka 1967, lilimkataza kiongozi kuwa mkurugenzi katika kampuni ya kibepari. Lilifanya vema kwa wakati wake, maana kiti cha bodi kilikuwa njia ya kumnunua kiongozi. Mwaka 1991, kule Zanzibar, sharti hilo lililegezwa. Tulitoka kwenye marufuku tukaingia kwenye ruhusa, bila kupita katika mafunzo. Kabla ya 1991 ukurugenzi wa namna hiyo ulikuwa dhambi, na baada yake ukawa neema. Hatukupata hata siku moja kuufundisha kuwa kazi, kazi yenye ufundi wake, inayoweza kufanywa vizuri au vibaya, na ambayo aifanyaye vibaya yafaa aondolewe. Mpaka leo mtu akiteuliwa kuingia bodini huwa tunampongeza. Tunampongeza kwa nini, kabla hajafanya kitu?

Kiti kilichobaki wazi

Kuna mtu mmoja ambaye katika maelezo yote haya hajaketi mezani, naye ni mfanyakazi. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma na kugusa pia muundo wa bodi zake. Mwongozo wa mwaka 1971 ukaja kukemea majivuno na ubeberu wa viongozi makazini, na wafanyakazi wakaushika kwa mikono miwili, hata ikawapo migomo na meneja kufungiwa nje ya viwanda. Wahakiki wa wakati ule, miongoni mwao Henry Mapolu, walionyesha kwamba mabaraza yale yalipewa kushauri tu. Uhakiki wao ulikuwa sahihi. Lakini hata ushauri huo haumo leo katika bodi za makampuni ya ubia. Matawi ya Chama mahali pa kazi yaliondoka na mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, na vyama vya wafanyakazi wa migodini vinakutana na uongozi juu ya mishahara na usalama, si juu ya bajeti.

Mtu asituambie kwamba kumpa mchimbaji kiti katika bodi ni ndoto ya kijamaa. Ujerumani Magharibi, nchi ya kibepari, ilitunga sheria mwaka 1951 ikawapa wafanyakazi nusu ya viti katika bodi za usimamizi za makampuni makubwa ya makaa ya mawe na chuma. Makampuni hayo hayakufa kwa sababu hiyo. Serikali yetu ina viti vyake kwa haki ya asilimia 16. Hakuna sheria inayoizuia kumteua mmoja wa wajumbe wake kutoka miongoni mwa watu waliowahi kufanya kazi chini ya ardhi Bulyanhulu au katika mashimo ya Geita, mtu anayejua pampu ikiandikwa katika kabrasha kwamba ni mpya kumbe ilipakwa rangi. Atahitaji kufundishwa mizania. Hilo ni somo la wiki sita, na vyuo vyetu vya makada vina walimu na mabweni. Mkurugenzi mwenye shahada atahitaji kufundishwa mgodi, na hilo huchukua muda mrefu zaidi.